Damu ya Kitovu: Nani Mwenye Haki Nayo?

Waswahili husema kwamba kwao mtu ni pale kilipozikwa kitovu chake. Usemi huo si wa maneno matupu. Tangu enzi za wazee wetu, mtoto akisha kuzaliwa na kondo la nyuma likashuka, kondo hilo huoshwa, hufungwa katika kitambaa safi, likafukiwa uani au chini ya mnazi; na kitovu kikikauka na kuanguka, nacho huzikwa kwa heshima. Mimi nimefanya kazi ya ukunga kwa muda wa miaka thelathini katika mji wa Tanga na vijiji vyake, na mikono yangu hii imekata vitovu vya watoto ambao leo nao ni wazazi. Kwa hiyo najua jinsi vitu hivyo vinavyotazamwa: hushughulikiwa upesi, vikaondolewa machoni, na watu wote wakamgeukia mtoto na mama yake. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza katika kondo lile mna nini.

Mna damu. Si nyingi: aghalabu haizidi nusu ya kikombe cha chai. Lakini damu hiyo kidogo imekuwa sababu ya maneno mengi katika dunia ya leo, na maneno hayo yamekwisha kuingia katika nyumba za Waislamu, ikiwamo nyumba ya binti yangu. Wako wanaosema ni dawa ya kila ugonjwa, na wako wanaoihofu kuwa ni jambo la haramu. Nimeona yafaa nieleze katika ukurasa huu yale niliyoyaona na niliyojifunza, ili mzazi atakayeulizwa juu ya jambo hili asijibu kwa woga wala kwa pupa.

Kwanza tuitambue damu yenyewe. Ndani ya mifupa yetu mna uloto, na ndani ya uloto mna chembe za asili ambazo wataalamu wa siku hizi huziita seli shina. Hizo ndizo mama wa damu yote: kutoka kwazo huzaliwa chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe ndogo zinazogandisha damu jeraha linapotoka. Uloto ukiharibika, au ukiwa tangu kuzaliwa watoa damu yenye kasoro, waganga huweza kuuondoa kwa dawa kali na kumtia mgonjwa seli shina za mtu mwenye afya. Huingizwa katika mshipa kama damu ya kawaida, nazo kwa kudura ya Mwenyezi Mungu huijua njia ya kwenda mifupani, zikatua na kuanza kazi. Kwa miaka mingi seli hizo zilichukuliwa katika uloto wa watu wazima au wa ndugu wa mgonjwa. Baadaye ikabainika kwamba zimo pia, tena kwa wingi wa kutosha, katika damu ibakiayo ndani ya kitovu na kondo la nyuma mtoto akisha kuzaliwa.

Aliyesimama kuhakikisha jambo hilo ni mtaalamu Hal Broxmeyer, wa mji wa Indianapolis huko Marekani, pamoja na wenziwe. Walithibitisha kwamba damu hiyo huweza kugandishwa kwa baridi kali, ikahifadhiwa, kisha ikayeyushwa na seli zake zikawa hai. Jaribio la kwanza kwa mwanadamu lilifanywa Paris, katika hospitali ya Saint-Louis, mwezi Oktoba mwaka 1988, na daktari mwanamke, Eliane Gluckman. Mgonjwa alikuwa mtoto wa kiume wa miaka mitano kutoka Marekani, mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao anemia ya Fanconi, ambao huukausha uloto. Mama yake alikuwa amejifungua mtoto wa kike, naye alipimwa tangu tumboni akaonekana hana ugonjwa ule na kwamba afanana na kaka yake katika alama za mwili. Damu ya kitovu cha yule dada ilikusanywa, ikagandishwa, ikavushwa bahari hadi Paris, akatiwa kaka yake. Mtoto yule alipona, akakua, akawa mtu mzima. Tangu siku hiyo hadi leo, zaidi ya wagonjwa 40,000 duniani wamepandikizwa seli za damu ya kitovu.

Sasa nieleze jinsi jambo hili lilivyotufikia sisi. Binti yangu ameolewa Maskati, mji ambao lugha yetu si ngeni, kwani jamaa nyingi za huko zina nasaba ya Unguja na ya pwani yetu. Mtoto wao wa kwanza, mwanamume, alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Ugonjwa huo twaujua sana kwetu: katika Tanzania peke yake huzaliwa kiasi cha watoto 11,000 kila mwaka wakiwa nao. Na Oman nako haukosekani, kwani uchunguzi uliofanywa katika nchi nzima ulionyesha kwamba katika kila watoto 100, kama 6 hubeba kirithi chake. Chembe nyekundu za mgonjwa, badala ya kuwa mviringo, hujipinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Mjukuu wangu anaposhikwa na maumivu ya mifupa, hana mkao wala malalo. Bibi aliyemkanda mtoto wa miaka minne miguu usiku kucha hahitaji kitabu cha kumfunza maana ya ugonjwa huu.

Binti yangu aliposhika mimba ya pili, nilisafiri kwenda kumwuguza na kumtunza arubaini yake. Huko nikamkuta katika fadhaa. Wakala wa kampuni moja, ambayo sina haja ya kuitaja, alikuwa amewajia nyumbani na karatasi zinazong'aa, akawashawishi walipe fedha nyingi, na kila mwaka waongeze ada, ili damu ya kitovu cha mtoto atakayezaliwa iwekwe akiba kwa ajili ya mtoto yule yule. Aliwaambia kwamba hiyo ni bima ya maisha yake, na kwamba mzazi asiyeiweka leo atajuta kesho.

"Mama," binti yangu aliniuliza, "tukiacha, hatutakuwa tumemdhulumu mtoto? Na tukilipa, fedha za dawa za kaka yake tutazitoa wapi?"

Nikamjibu, "Mwanangu, mwenye kukuuzia kwa kukutisha, bidhaa yake ichunguze mara mbili. Twende tukawaulize wanaojua."

Mkwe wangu, kijana mwenye haya asiyependa kubishana mbele yangu, akasema, "Mama, maneno yako ni kweli, kesho nitaomba ruhusa kazini twende sote." Tukaenda kwa daktari wa damu anayemtibu mjukuu wangu. Mama yule alitutenga mambo mawili ambayo yule wakala alikuwa ameyachanganya kuwa moja, nami nayaandika hapa kwa sababu kila nyumba yafaa iyajue.

La kwanza ni damu ya mtoto kuwekewa yeye mwenyewe. Faida yake ni haba. Mtoto akiwa na ugonjwa wa kurithi, kama selimundu, basi seli za kitovu chake nazo zina kasoro ile ile. Mtu hawezi kulitibu shamba kwa mbegu iliyo na ugonjwa wa shamba hilo. Na akipatwa na saratani ya damu utotoni, mara nyingi waganga hawataki kutumia damu yake mwenyewe, kwani mbegu ya maradhi huweza kuwamo tangu kuzaliwa. Ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika waraka wake wa mwaka 2017, kiliwahimiza wazazi waitoe damu hiyo katika benki za umma, wala hakikuwashauri waiweke kwa malipo kama bima ya mtoto mwenye afya.

La pili ni damu ya mtoto kuwekewa ndugu yake aliye mgonjwa. Hilo ni jambo jingine kabisa, nalo lina msingi. Mwaka 2013 wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na Franco Locatelli wa Italia, walitoa hesabu ya wagonjwa waliopandikizwa kutoka kwa ndugu wanaofanana nao. Miongoni mwao walikuwamo 30 wenye selimundu waliopewa damu ya kitovu. Na katika muda wa miaka sita, kiasi cha 90 katika kila 100 walikuwa hai bila ya ugonjwa. Kwa hiyo, nyumba yenye mtoto mgonjwa inayongoja mtoto mwingine, inayo sababu njema ya kuzungumza na daktari mapema, kabla ya miezi kutimia, juu ya kuikusanya damu ile.

Lakini daktari hakutuficha upande wa pili. Alama za mwili ambazo sharti zilingane, mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo, bahati ya mtoto kulingana na ndugu yake ni moja katika nne. Tena wazazi wote wawili wakiwa wanabeba kirithi cha selimundu, mtoto ana bahati tatu katika nne za kutozaliwa na ugonjwa. Ukizidisha hesabu hizo mbili, wapata tatu katika kumi na sita. Ndivyo yalivyokuwa matumaini yetu, wala hayakuwa zaidi ya hapo. Niliiona fadhila ya mganga anayekupa hesabu kamili, hata ikiwa ndogo, kuliko mwuzaji anayekupa ahadi kubwa isiyo na hesabu.

Nikamwuliza swali langu la kikunga: je, damu hiyo haitapunguzwa katika haki ya mtoto anayezaliwa? Kwa maana mtoto akisha kutoka, kitovu huendelea kupiga kwa muda, na damu ya kondo humrudia mwenyewe, ikamwongezea madini ya chuma ya kumfaa miezi ijayo. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba kitovu kisifungwe kabla ya dakika moja kupita. Daktari akanijibu kwamba haki hiyo haiguswi: mtoto hupewa kwanza chake, na kinachokusanywa ni kile kibakiacho. Ikitokea kwamba kilichobaki ni kidogo mno, basi hukubaliwa hivyo hivyo. Mkunga au daktari atakayeharakisha kukata kitovu ili chupa ijae, huyo amemnyang'anya mwenye mali aliye dhaifu kuliko watu wote, asiyeweza hata kusema.

Palibaki suala la dini, ambalo mkwe wangu ndiye aliyelishughulikia. Aliwauliza wanazuoni, wakamwonyesha kwamba jambo hili limekwisha kutazamwa. Mwaka 2003 Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu lilikutana Makka, likaamua kwamba seli shina zitokazo katika kondo la nyuma au kitovu zaruhusiwa kuchukuliwa na kutumiwa kwa matibabu, kwa idhini ya wazazi. Na kabla ya hapo, mwaka 1989, baraza lilo hilo lilikuwa limejibu suala ambalo kinamama wengi huuliza: je, mtoto akipewa damu ya mtu mwingine, watakuwa ndugu kama wa kunyonya, wasiweze kuoana? Jawabu lilikuwa la. Hukumu ile ni ya maziwa peke yake, wala damu haileti undugu wa kuharimisha ndoa. Tena wakasema kwamba damu haiuzwi. Hutolewa, na ruhusa ya kuilipia ni kwa mwenye dharura asiyepata njia nyingine. Ama kondo lenyewe, kutolewa damu hakuzuii lisizikwe. Kondo la mjukuu wangu wa pili tulipewa tukalizika, kama tulivyozoea.

Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, alhamdulillahi. Alisubiriwa kitovu chake kitulie, kisha kikakatwa, na damu iliyobaki ikakusanywa kwa sindano kutoka katika mshipa wa kitovu. Mama hakusikia maumivu wala mtoto hakuguswa. Tukangoja majibu. Yalipokuja, yalionyesha kwamba mtoto hana selimundu, ila anabeba kirithi chake kama wazazi wake. Na alama zake hazikulingana na za kaka yake.

Binti yangu alilia siku ile, nami sikumkataza. Kisha nikamwambia, "Mwanangu, huyu hakuzaliwa awe chupa ya dawa. Amezaliwa awe mwanao. Ukimtazama kwa huzuni leo, atakua akidhani kwamba alikuja na deni." Naandika haya kwa sababu ndiyo hatari iliyojificha katika jambo hili, wala karatasi zinazong'aa haziitaji. Mtoto akingojwa kwa ajili ya mwenziwe tu, na majibu yasipopatana na matakwa, huweza kupokewa kwa moyo uliovunjika. Wazazi waingie katika jambo hili wakiwa wamekwisha kumkubali mtoto kwa nafsi yake. Damu yake ikifaa, ni ziada ya neema. Isipofaa, neema yenyewe imo mikononi mwao inanyonya. Kaka yake aendelea na dawa ya haidroksiurea, na maumivu yake yamepungua kuliko hapo awali.

Damu ile, wazazi waliiruhusu itumiwe katika uchunguzi wa wanafunzi wa tiba. Lakini mimi nimebaki nikiwaza habari ya benki za umma, na hapo ndipo penye neno langu kubwa kwa msomaji. Mwaka 1992 Pablo Rubinstein alianzisha huko New York benki ya damu ya kitovu ambayo wazazi hutoa bila ya kulipwa wala kulipa, na damu hiyo ikawa ya mgonjwa yeyote anayelingana nayo. Hugandishwa katika naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ikangoja miaka hata mgonjwa apatikane. Mwaka uliofuata, 1993, Joanne Kurtzberg wa Chuo Kikuu cha Duke alimpandikiza mtoto damu iliyotoka katika benki hiyo, ya mtu asiyemjua wala kumwona. Benki za namna hiyo zilienea nchi nyingi, hata Riyadh, katika Hospitali ya Mfalme Faisal.

Na sisi watu wa asili ya Afrika tuna haja nayo kuliko wengine. Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walifanya hesabu ya bahati ya mgonjwa kumpata mtu mzima wa kumtolea uloto anayelingana naye kabisa katika daftari za hiari. Mzungu wa asili ya Ulaya ana bahati ya 75 katika 100. Mmarekani Mweusi ana bahati ya 19 tu. Sababu moja ni kwamba alama zetu ni za namna nyingi mno, na nyingine ni kwamba tuliojiandikisha ni wachache. Damu ya kitovu haidai ulinganifu mkali kama ule wa uloto, na kwa hiyo huweza kumfaa mtu ambaye daftari limemkosea.

Sitaki kulikuza jambo kupita kiasi. Damu hiyo, kwa uchache wake, humtosha mtoto kuliko mtu mzima, na huchelewa kushika. Kwa wenye selimundu, ile ya mtu asiye ndugu haikufanikiwa vizuri. Jaribio lililofanywa Marekani lilisimamishwa kwa sababu miili ya wagonjwa ilikuwa ikiikataa. Tena siku hizi waganga wamejifunza kutumia uloto wa baba au mama unaolingana nusu tu, na hivyo haja ya damu ya kitovu imepungua mahali pengi. Na kwetu nyumbani mlango ulio wazi zaidi ni wa uloto wenyewe: tangu mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, huwapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa saratani ya damu asiye na ndugu wa kumfaa, chupa moja iliyotolewa na mama asiyemjua huweza kuwa ndiyo mlango pekee uliobaki.

Basi, nikiulizwa leo damu ya kitovu ni haki ya nani, jibu langu ni kwa taratibu hii. Kwanza ni ya mtoto mwenyewe, naye apewe yake kikamilifu kabla ya mtu mwingine kunyoosha mkono. Pili ni ya ndugu yake, ikiwa nyumbani mna mgonjwa na daktari ameona inafaa. Tatu ni ya mgonjwa yeyote, popote penye benki ya umma, nayo hiyo ni sadaka isiyomgharimu mtoaji kitu, ila ridhaa yake. Ama kuifanya kuwa biashara ya kuwatisha wazazi, sikuiona nafasi yake katika taratibu hiyo.

Na vijana wanaoposana, kabla ya mahari kuzungumzwa, wakapime damu zao wajue kama wanabeba kirithi cha selimundu. Kipimo hicho ni chepesi kuliko safari yote niliyoieleza hapa. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape waganga wetu elimu yenye amana, na atujaalie kuwa miongoni mwa watoao bila ya kutaka kujua jina la mpokeaji. Amin.